Fundi Akidai Pesa na Kazi Haijaisha

Kikundi kinapokarabati nyumba yake, iwe ni darasa la nasari, ghala la mahindi au nyumba ya mashini ya kusaga, pesa zinazotumika ni jasho la wanachama. Ni zile shilingi hamsini hamsini za kila wiki. Kwa hivyo fundi akisimamisha kazi na kusema anadai, watu hukasirika upesi. Wengine humwita mwizi. Wengine huanza kumtazama mweka hazina kwa jicho baya. Fundi naye ana vibarua wanaomngojea jioni na mkono wazi. Kikundi kinaweza kuvunjika hivi hivi kwa sababu ya ukuta mmoja.

Ubishi kama huu hauishi kwa kuuliza "nani mwongo?" Huisha kwa kuuliza "kazi iliyofanyika ni ya shilingi ngapi?"

Tuchukue mfano

Kikundi kilinunua vifaa chenyewe, kikapatana na fundi leba ya shilingi 60,000: paa 24,000, plasta 20,000, sakafu 10,000, milango na madirisha 6,000. Fundi amepewa 40,000. Sasa anasema: "Nataka 20,000 zangu zilizobaki, na 3,000 za zile mbao za pembeni mwenyekiti aliniambia nigonge." Wanachama wanajibu: "Kazi haijaisha na sakafu imepasuka. Aturudishie 15,000!"

Haya, tupime:

– Paa limekwisha: 24,000
– Plasta imefika nusu: 10,000
– Sakafu imekwisha, lakini kuitengeneza nyufa ni 4,000: inabaki 6,000
– Milango na madirisha havijaguswa: 0
– Mbao za pembeni, mwenyekiti anakubali aliziagiza: 3,000

Jumla ni 43,000. Amelipwa 40,000. Kwa hiyo fundi anadai 3,000 tu. Si 23,000 kama alivyosema, wala hana 15,000 za kurudisha. Pande zote mbili zilikuwa mbali na ukweli, na hakuna aliyekuwa mwizi.

Lakini angalieni hiyo sakafu vizuri. Simiti inataka kumwagiliwa maji kwa siku saba hivi, la sivyo hupasuka. Kama kikundi ndicho kiliahidi kumwagilia na hakikumwagilia, si haki kumkata fundi zile 4,000. Hapo anadai 7,000. Kama fundi alipunguza simiti, kosa ni lake.

Hatua za kufuata

1. Chagueni watu watatu wa kuongea na fundi. Wanachama arobaini wakiongea pamoja, hakuna anayesikiwa.

2. Pimeni kazi fundi akiwapo. Iteni fundi mwingine asiye na upande awaonyeshe kilichofanyika na kilichoharibika. Kama bei haikugawanywa tangu mwanzo, huyo ndiye atawasaidia kuigawanya. Andikeni yote, kila upande utie sahihi.

3. Lipeni ile sehemu isiyo na ubishi. Kama mnakubali anadai 3,000, msizizuie kwa sababu mnabishana juu ya 4,000 nyingine. Chukueni risiti, au hifadhini ujumbe wa M-Pesa.

4. Mpeni nafasi ya kurekebisha. Mwandikieni barua fupi: kosa ni hili, tunaomba ulirekebishe kabla ya siku fulani. Wiki mbili zatosha kwa kazi ndogo. Mkiajiri mwingine bila kumwambia, atasema hamkumpa nafasi.

5. Mkishindwa, tafuteni msuluhishi ambaye wote mnamheshimu: mzee wa kijiji, chifu, au mwalimu. Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inazitaka mahakama zenyewe ziunge mkono usuluhishi, pamoja na njia za wazee. Mkipatana, andikeni na mtie sahihi mbele ya mashahidi.

6. Ikibidi, nendeni Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ilipitishwa mwaka wa 2016, na mahakama hizi zilianza kazi mwaka wa 2021. Husikiza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na sheria inataka kesi imalizike kwa siku 60. Si lazima kuwa na wakili. Hazipo kila mahali, kwa hivyo ulizeni katika mahakama iliyo karibu nanyi. Nendeni na mapatano, risiti, picha na ile karatasi ya vipimo. Mapatano ya mdomo pia yanaweza kudaiwa, lakini kuyathibitisha ni taabu. Fundi naye ana haki ya kwenda huko kuwadai ninyi.

Mambo ya kuepuka

Msishike vyombo vya fundi, ndivyo vinavyomlisha. Fundi naye asing'oe mabati aliyokwisha kupigilia, si yake. Na msikimbilie polisi ili wamtishe. Kutoelewana juu ya malipo ya kazi peke yake si uhalifu, ila kama kulikuwa na ulaghai au wizi.

Safari nyingine

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Andikeni bei ya kila sehemu ya kazi kabla ya jembe kugusa udongo. Lipeni sehemu inapokamilika, si fundi anapoomba. Kazi ya kuongeza iandikwe siku hiyo hiyo, hata kama ni mwenyekiti aliyeiagiza. Na patanani tangu mwanzo kwamba sehemu ya kumi ya leba itabaki mpaka mvua ya kwanza ipite. Paa linalovuja husema lenyewe.

Maswali ya kujadili katika kikundi

– Kazi yetu ya mwisho, bei iliandikwa wapi? Nani anayo hiyo karatasi?
– Nani ana ruhusa ya kumwagiza fundi kazi ya ziada?
– Je, kuna fundi ambaye sisi wenyewe bado hatujamlipa haki yake?