Rafadha ya Ndege Ndogo: Kwa Nini Vipimo Hutangulia Bei

Rafadha ya ndege ndogo, ambayo mafundi wengi huiita propela, mara nyingi ni kipande kimoja tu cha aloi ya aluminiamu, chenye mapanga mawili. Kwa kuwa umbo lake halina utata, huenda msomaji akadhani kuwa kuibadili iliyoharibika ni sawa na kubadili gurudumu la baiskeli: yatosha kutafuta nyingine ambayo matundu yake yanaingia katika bolti, kisha kulipa. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa hesabu zisizozidi fizikia ya sekondari, kwa nini dhana hiyo ni ya hatari.

Yafaa kwanza ikumbukwe kwamba rafadha ni bawa linalozunguka. Orville na Wilbur Wright walilitambua jambo hilo kabla ya kuruka kwa mara ya kwanza mwaka 1903. Kama bawa linavyoinua ndege kwa kuisukuma hewa chini, ndivyo panga linavyoivuta ndege mbele kwa kuisukuma hewa nyuma.

Hebu tuchukue mfano wa Cessna 172P, ndege ya viti vinne ya miaka ya 1980. Injini yake hutoa nguvu-farasi 160 ikizunguka mara 2,700 kwa dakika, yaani mara 45 kwa sekunde, na rafadha huzunguka pamoja nayo kwa kasi hiyo hiyo. Rafadha yake ya McCauley huandikwa 1C160/DTM7557. Tarakimu nne za mwisho ndizo zenye siri: kipenyo ni inchi 75, na pichi ni inchi 57.

Tuanze na kipenyo. Inchi 75 ni mita 1.905. Katika mzunguko mmoja ncha ya panga husafiri karibu mita 5.98, kwa mizunguko 45, kasi yake ni takriban mita 269 kwa sekunde. Kasi ya sauti hewani, katika nyuzi 15 za Selsiasi, ni mita 340 kwa sekunde. Tukiweka rafadha ya inchi 90, ncha zitafikia mita 323 kwa sekunde hata kabla ndege haijaanza kwenda. Karibu na kasi ya sauti ukinzani wa hewa huongezeka ghafla, makelele huzidi, na nguvu ya injini hupotea bure.

Pichi ni umbali ambao rafadha ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa skrubu ndani ya ubao. Inchi 57 ni mita 1.45, kwa mizunguko 45 twapata mita 65 kwa sekunde, au kilometa 235 kwa saa. Pichi ikiwa kubwa mno, injini hulemewa wakati wa kuondoka, kama lori linalopanda mlima kwa gia kubwa. Ikiwa ndogo mno, ndege hupaa vizuri, lakini ikiwa safarini injini huweza kuzunguka kupita kiasi. Tofauti hii ina uzito katika nchi zetu za nyanda za juu. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko takriban mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na injini ya kawaida hupungukiwa nguvu. Mwenye ndege aweza kupendelea pichi ndogo zaidi, ila achague tu miongoni mwa zile zilizoidhinishwa kwa ndege na injini yake.

Je, rafadha iliyotumika? Hapa ndipo uhai wa watu unapohusika. Tuchukulie kipande cha gramu 100 tu karibu na ncha. Kwa kanuni ya mwendo wa duara, kani inayokishikilia kisiruke ni takriban nyutoni 7,600, sawa na uzito wa kitu cha kilo 775. Kikikatika, upande wa pili hukosa mizani, na mtikisiko wake waweza kuing'oa injini. Ajali ya namna hiyo huanzia katika kovu dogo la kokoto: mkazo hujikusanya hapo, ufa hukua taratibu, na metali huchoka. Ndiyo maana fundi husawazisha makovu kwa tupa. Lakini kila tupa inapopita, panga hupungua. Kwa mfano wetu kipenyo kisishuke chini ya inchi 74. Isitoshe, panga lililofupishwa hubadili mtetemo wake wa asili, na likitetemeka kwa mapigo yanayolingana na ya injini, mtetemo hukua hadi kulivunja.

Kwa hiyo mnunuzi mwenye busara huuliza mambo haya kabla ya bei: namba ya aina na namba ya pekee ya rafadha, kumbukumbu za saa ilizoruka tangu ilipofanyiwa ukarabati mkubwa, vipimo vya sasa vya mapanga, iwapo iliwahi kugonga ardhi, na cheti cha karakana iliyoidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga. Na kama rafadha ya zamani iligonga ardhi, injini nayo sharti ikaguliwe, kwani pigo lile hupita katika mhimili wake.

Walimu wa fizikia wanaweza kuwapa wanafunzi zoezi: watafute kasi ya ncha kwa rafadha ya inchi 74, kisha ya inchi 80. Rafadha isiyo na hati yaweza kung'aa kama mpya. Ufa ulio ndani yake hauonekani kwa macho, na rubani huufahamu akiwa angani.