Msimpokonye Dani Ungo Wake

Mzee akianza kumwita mjukuu huyu kwa jina la yule, huku Ahero utasikia, "Hiyo ni uzee tu," na maneno yanaishia hapo. Mimi ni nyamrerwa, mhudumu wa afya ya jamii. Kazi yangu ni kuzunguka boma kwa boma na mkoba wenye mashine ya presha, kipimo cha sukari na simu ya kuandikia. Mikoba hii tuliipata serikali ilipozindua mpango wa wahudumu 100,000 nchi nzima, Septemba 2023. Tangu nianze kuitumia, lile neno "uzee tu" silikubali tena. Kusahau ulipoweka miwani kunampata kila mtu. Lakini mama anayepotea njia ya kutoka sokoni aliyoipita tangu aolewe, au anayeuliza swali lile lile mara ya nne kabla chai haijaisha kikombeni, huyo ana jambo linalohitaji daktari.

Katika yanayouharibu ubongo, naanza na presha kwa sababu ndiyo ninayokutana nayo zaidi. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa karibu kilo moja na nusu, lakini unatumia kama sehemu moja kwa tano ya oksijeni yote mwilini. Damu inayobeba oksijeni hiyo hupita katika mishipa myembamba mno. Wakulima wa mpunga wa hapa kwetu wananielewa haraka nikiwaambia hivi: mfereji ukijaa matope, shamba la mwisho ndilo linalokauka kwanza, na mwenye shamba la mbele hata hajui. Presha ikikaa juu miaka nenda miaka rudi, mishipa midogo huwa migumu, mingine huziba, na sehemu ndogo ndogo za ubongo hufa bila maumivu yoyote. Mzee anaanza kuchelewa kujibu, anaburuta miguu, anashindwa kupanga mambo aliyokuwa akiyapanga bila kufikiri.

"Nyathina, mwanangu, kichwa hakiniumi, unanipima nini?" jaduong' mmoja, mzee wa hapa, aliniuliza.

"Jaduong', presha haina desturi ya kuuma. Ndiyo maana nimekuja."

Mashine ilisoma juu kabisa ya 140 kwa 90, kiwango ambacho kikirudi hivyo siku nyingine tunamwandikia mtu barua ya kwenda hospitali. Alikuwa ameshapewa dawa zamani, akaziacha alipojisikia mzima, zilizobaki akampa mkewe. Hilo nalikuta mara nyingi, na linaniumiza. Dawa ya presha ni ya kila siku, hata siku mtu anapojisikia vizuri, na ya mume si ya mke.

Halafu kuna sufuria. Mboga zetu za apoth, yaani mrenda, na kunde tunazilainisha kwa magadi, kisha juu yake tunatia chumvi. Magadi yana sodiamu ile ile iliyo kwenye chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyo ndani ya mkate na mchuzi. Siwaambii watu waache apoth. Mboga za osuga na dek, samaki wa ziwani na omena ni chakula chema kwa moyo, na kinachoufaa moyo kinaufaa ubongo. Nawaambia wapunguze magadi, na chumvi isiwekwe mezani.

Wapo wanaodhani haya ni mambo ya Wazungu. Basi nawasimulia utafiti ulioanza 1992, uliowalinganisha wazee Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa mji wa Indianapolis. Matokeo yaliyochapishwa 2001 yalionyesha kwamba kila mwaka ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na akili uliwapata asilimia 1.35 ya wazee wa Ibadan, huku kule Indianapolis ukiwapata asilimia 3.24. Wazee wa Ibadan walikuwa na presha na lehemu ya chini zaidi. Mimi huufikiria utafiti huo ninapoona jinsi bonde letu la Kano linavyobadilika: safari tuliyokuwa tukienda kwa miguu sasa ni ya boda, na soda imekuwa ndiyo heshima ya mgeni.

Lakini jambo linalonikosesha usingizi zaidi linatoka katika upendo wetu wenyewe.

Kuna dani mmoja hapa, yaani bibi, ambaye watoto wake wa Nairobi walimjengea nyumba nzuri ya vigae. Wakamwekea msichana wa kazi, wakasema, "Mama, umetuhangaikia vya kutosha, sasa kaa tu." Wakamwondolea kuku kwa sababu ya uchafu. Ungo wake ukawekwa darini. Mama huyu alikuwa akipepeta mchele na kuuchagua, kijiwe kimoja kimoja, huku akiwasemesha wanawake watatu wanne waliokuja na nyungo zao. Akijua kuku gani anaatamia na mayai mangapi. Akijua ni nani katika chama hajatoa mchango. Yote hayo yaliondoka kwa mkupuo mmoja. Nilipomtembelea baada ya muda nilimkuta sebuleni peke yake, runinga inazungumza, yeye haitazami. Nilimwuliza tuko siku gani, akamgeukia msichana amjibie.

Nilizungumza na mkwe wake. Tulianza na masikio, maana alikuwa hasikii vizuri na watu walikuwa wamechoka kupaza sauti. Kliniki walimtoa nta iliyokuwa imejaa, na mengi yakarudi siku hiyo hiyo. Kisha ungo ukashushwa na kuku wanne wakarudi. Sisemi kuku wanatibu ubongo. Nasema mama huyu sasa anajua siku ya soko, anagombana na wachuuzi kuhusu bei ya mayai, na Jumapili anakwenda kanisani kwa miguu na wenzake.

Jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilitaja mwaka 2024 mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na akili, na likakadiria kwamba karibu nusu ya visa vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kama yote yangeondolewa. Presha imo, sukari imo, sigara na pombe nyingi vimo. Imo pia kutosikia, kutoona vizuri, upweke, huzuni ya muda mrefu, kukaa bila kujongea, kuumia kichwa, na kukosa elimu utotoni. Hilo la mwisho linawagusa dani zetu wengi walionyimwa shule kwa sababu walikuwa wasichana. Hata hivyo mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Mzee akitaka kujifunza kusoma ujumbe wa M-Pesa mwenyewe, mfundisheni. Msimnyang'anye simu mkamsomea.

Lipo jambo moja ambalo lazima niliseme wazi. Mtu mwenye ugonjwa huu huweza kuchanganya usiku na mchana, akatoka nje saa nane za usiku akiitafuta nyumba aliyozaliwa. Huku kwetu mzee akionekana nje saa hizo, jina liko tayari: jajuok, mkimbiaji wa usiku. Jina hilo huweza kuua. Oktoba 2021, kule Marani, Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa kwa kutuhumiwa uchawi. Ukimwona mama wa jirani njiani usiku, mshike mkono, mrudishe kwake, asubuhi uje uniite.

Na kama mzee aliyekuwa sawa Jumatatu ameanza Jumatano kuongea na watu waliokufa, msingoje niwafikie. Kuchanganyikiwa kwa ghafla mara nyingi ni malaria, maambukizi ya mkojo, nimonia, sukari iliyoshuka au dawa zilizogongana. Hayo yanatibika, na yakicheleweshwa yanaua. Mdomo ukipinda au mkono ukilegea upande mmoja, hicho ni kiharusi, na kila dakika ina thamani.

Mkimleta mzee hospitalini, njooni na dawa zake zote kwenye mfuko, hata za mitishamba, na aje naye mtu anayeishi naye boma moja. Mtoto aliyefika jana kutoka Nairobi hatajua kujibu, na jambo la kwanza daktari atakalouliza ni kusahau huku kulianza lini, na kama kulikuja ghafla au polepole.