Likizo ya mpigapicha chini ya Kilimanjaro: Illasit na somo la subira

MTU akisikia habari za likizo ya mpigapicha, mawazo humpeleka upesi kwenye visiwa vidogo vya Ugiriki, penye nyumba nyeupe zinazotazama bahari ya buluu. Hata hivyo, mpigapicha wa Afrika Mashariki hana haja ya kuvuka bahari ili apumzike na kamera yake. Humtosha kufika Illasit, mji mdogo wa mpakani ulio kusini mwa Kaunti ya Kajiado, ambako Mlima Kilimanjaro huonekana juu ya mabati ya maduka.

Illasit inapakana na Tarakea, iliyo upande wa Tanzania katika Wilaya ya Rombo. Wachuuzi wa nchi hizo mbili hukutana hapo kuuza na kununua, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha Wamaasai, Wachaga, Wakamba na wageni wengine waliofuata riziki.

Msafiri anayetoka Nairobi ana njia mbili. Ya kwanza hufuata barabara kuu ya Mombasa hadi Emali, kisha hukata kuelekea kusini kupitia Kimana na Loitokitok, kwa lami. Ya pili hupitia Kitengela, Isinya na mji wa Kajiado hadi Namanga, halafu hugeuka mashariki na kupita katika Mbuga ya Amboseli. Hii ya pili ina vumbi na humlazimu msafiri kulipa ada ya mbuga, lakini humpa fursa ya kuwaona ndovu kabla hajafika anakokwenda.

Mlima una saa zake

Atakayefika Illasit saa sita mchana akidhani ataupiga picha mlima huenda akaambulia ukuta wa mawingu. Sababu yake si bahati mbaya. Jua likishapanda, miteremko hupata joto, hewa yenye unyevu hupanda juu, hupoa na kugeuka mawingu. Kwa kawaida kazi hiyo huanza katikati ya asubuhi. Jioni hewa inapopoa, mawingu mara nyingi hutawanyika na mlima hujitokeza tena.

Illasit iko upande wa kaskazini-mashariki wa mlima, hivyo jua linapochomoza mgongoni mwa mpigapicha, miale yake ya kwanza huangukia vilele vilivyo mbele yake. Mkono wa kushoto, na karibu zaidi, ni Mawenzi yenye meno ya miamba, mita 5,149. Mkono wa kulia ni Kibo, mita 5,895, kilele kirefu kuliko vyote barani Afrika. Wachaga husimulia kwamba Mawenzi alizoea kwenda kwa Kibo kuomba moto, hadi Kibo akachoshwa na kumpiga, ndiyo sababu sura yake imechongoka hivyo.

Miezi ya Januari na Februari, na ile ya kuanzia Juni hadi Septemba, ndiyo yenye anga safi zaidi, kwa kuwa mvua za masika na za vuli huwa hazipo. Stendi ya miguu mitatu huhitajika alfajiri, kwani mwanga huwa haba na mkono hautulii kwa baridi.

Kwa hiyo, kazi halisi ya siku ni saa mbili asubuhi na saa moja jioni. Muda uliobaki ni wa chai, mazungumzo na usingizi wa mchana. Hapo ndipo likizo inapopata maana yake, kwa sababu mlima wenyewe humkataza mgeni haraka.

Weupe unaopungua

Pamoja na utulivu huo, kuna jambo linaloifanya kila picha ya Kibo kuwa na uzito. Wamaasai huuita mlima huo Oldoinyo Oibor, yaani mlima mweupe, na weupe huo unatoweka.

Mmishonari Johannes Rebmann alipoiona theluji ya Kilimanjaro mwezi Mei 1848 na kuandika habari zake, baadhi ya mabingwa wa jiografia wa Ulaya walimkejeli. Hawakukubali kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta. Mwaka 1912, Mjerumani Fritz Klute aliupima mlima kwa kutumia picha na kuchora ramani yake. Wakati huo barafu ilienea kilomita mraba 12 hivi. Vipimo vilivyofanywa karne moja baadaye vilionyesha kuwa zimebaki chini ya kilomita mraba 2.

Wanasayansi wanataja ukavu wa hewa ya kileleni na upungufu wa theluji mpya, pamoja na ongezeko la joto duniani, kuwa sababu za hali hiyo. Mwaka 2002 watafiti walikadiria kwamba barafu ingekwisha kati ya 2015 na 2020. Utabiri huo haukutimia, lakini shirika la UNESCO lilionya mwaka 2022 kwamba huenda ikatoweka kabisa ifikapo 2050.

Ramani ya Klute inaonyesha thamani ya picha iliyopigwa kwa uangalifu. Mpigapicha anayerudi Illasit kila mwaka, akasimama mahali pale pale na kuandika tarehe na saa, anaweka kumbukumbu ambayo vizazi vijavyo vitaihitaji. Ila asichanganye theluji mpya na barafu ya kale. Theluji iliyoanguka usiku huweza kukifunika kilele chote na kuyeyuka baada ya siku chache, ilhali barafu ya kale ni zile kuta na vipande vinavyobaki wakati wa kiangazi.

Ni vyema pia kufahamu kwamba chemchemi zinazonywesha mashamba na mifugo ya Kimana na Loitokitok hutegemea zaidi mvua inayonyesha kwenye msitu wa mlima kuliko barafu ya kileleni. Kwa mkulima wa huko, msitu ukikatwa, hasara humfikia upesi kuliko ile ya barafu kuyeyuka.

Picha iliyozaa ulinzi

Katika nyanda zinazozunguka Amboseli, kamera imewahi kufanya kazi kubwa kuliko kupamba ukuta. Tangu 1972, watafiti wakiongozwa na Cynthia Moss wamewatambua ndovu mmoja mmoja kwa picha za masikio yao, kwa kuwa hakuna ndovu wawili wenye matundu na mipasuko inayofanana.

Mpigapicha Nick Brandt, mzaliwa wa London, alijulikana kwa picha zake za rangi nyeusi na nyeupe zilizopigwa kwa filamu, bila lenzi za kuvuta mbali. Ilimbidi awakaribie wanyama na kuwasubiri kwa muda mrefu. Mwaka 2007 alimpiga picha ndovu dume akinywa maji Amboseli, aliyeitwa Igor. Miaka miwili baadaye ndovu huyo aliuawa na majangili.

Mwaka 2010, Brandt akishirikiana na Richard Bonham, mhifadhi wa eneo hilo, alianzisha shirika la Big Life, ambalo huwaajiri vijana wa jamii za huko kuwa walinzi wa wanyama. Ndovu mwingine mashuhuri wa Amboseli, Tim, mwenye pembe zilizokaribia kugusa ardhi, alikufa Februari 2020 kwa sababu za kimaumbile akiwa na umri wa miaka 50 hivi. Mzoga wake ulipelekwa Nairobi ukahifadhiwe katika makumbusho ya taifa.

Vifo hivyo viwili vinatofautiana sana. Igor alikufa kwa mkono wa mtu, Tim alikufa kwa uzee. Katika kutafuta kifo cha namna ya pili, picha ilichangia kwa kuwafanya watu walio mbali wamjali mnyama wanayemjua kwa jina na sura.

Mtu si mandhari

Wako wageni ambao humnyooshea mzee wa Kimaasai kamera kama wanavyomnyooshea twiga. Huo ni utovu wa adabu, na unaweza pia kuwa kosa la kisheria. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaihesabu picha inayomtambulisha mtu kuwa taarifa yake binafsi. Anayenuia kuitumia kibiashara anapaswa kupata idhini.

Desturi ilitangulia sheria. Mgeni husalimu kwanza, hutaja alikotoka, hukaa, kisha ndipo huomba. Kama kuna malipo, hukubaliwa kabla ya picha, si baada yake. Kwa watoto, ruhusa hutoka kwa wazazi. Akikataliwa, hushukuru na kuiweka kamera mfukoni.

Kwa kuwa Illasit ni mpakani, ni busara kutopiga picha vituo vya polisi, forodha na uhamiaji. Droni hairushwi bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, na ikivuka kwenda upande wa pili imeingia nchi nyingine yenye sheria zake. Vivyo hivyo, anayetaka kupiga picha Tarakea hana budi kufuata taratibu za uhamiaji, kwani vilele anavyovitamani vyote viko Tanzania.

Jambo la mwisho mara nyingi husahaulika. Wengi huahidi kupeleka nakala za picha kwa waliopigwa, kisha hawaonekani tena. Ahadi ni deni. Mama muuza ndizi aliyekubali kupigwa picha mlima ukiwa nyuma yake anastahili kuiona picha hiyo, kwa sababu siku barafu itakapokwisha, wajukuu wake ndio watakaouliza kama kweli mlima huo uliwahi kuwa mweupe.