Kununua kompyuta ya michezo: idadi ya viini vya prosesa inaweza kudanganya

Kompyuta mbili za mkononi za okazioni zimewekwa kwenye meza moja ya duka. Ya kwanza ina kibandiko cha Intel Core i7, ya pili cha Core i5. Kijana anayetafuta mashine ya kuchezea GTA V au mpira anachagua ile ya i7 bila kuuliza mengi, na kwa jina hilo analipa dola zaidi. Lakini kama ndani yake mna prosesa i7-7500U ya mwaka 2016, amenunua viini viwili tu. Ile i5 aliyoiacha mezani, kama ni i5-8250U ya mwaka 2017, ina viini vinne.

Kiini, kinachoandikwa « cœur » kwenye karatasi za Kifaransa, ni ile sehemu ya prosesa inayofanya hesabu zenyewe. Zamani kompyuta ya nyumbani ilikuwa na kimoja. Leo Core i9-13900K ina 24, na idadi hiyo imekuwa neno la kwanza mdomoni mwa wauzaji: viini vingi, mbio nyingi. Kwa mtu anayenunua mashine ya kuchezea, maneno hayo ni kweli nusu, na hiyo nusu nyingine ndiyo inayokula pesa.

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha kampuni AMD ya Marekani. Mwezi wa kumi mwaka 2011 ilitoa prosesa FX-8150 na kuitangaza kuwa ya viini vinane, kwa bei ya dola 245. Mpinzani wake, Core i5-2500K ya Intel, alikuwa sokoni tangu mwanzo wa mwaka huohuo kwa dola 216, tena na viini vinne tu. Wapimaji walipoziweka pamoja kwenye michezo, ile ya vinne ndiyo iliyoshinda mara nyingi. Viini vya FX vilipangwa viwiliviwili, na kila jozi ilitumia kwa pamoja chombo kimoja cha kukokotoa namba zenye desimali. Mwaka 2015 wanunuzi walifungua kesi huko California, wakidai kuwa vinane hivyo havikuwa vinane kamili. Mwaka 2019 AMD ilikubali kulipa dola milioni 12.1 ili kesi iishe, bila kukiri kosa.

Kwa nini vinne vilishinda vinane? Jibu liko hata jikoni. Kazi ya kutwanga sombe, kuchota maji na kukata vitunguu inaweza kugawanywa kwa watu wanane. Lakini bugali wa sufuria moja unasongwa na mtu mmoja. Wale saba wengine wanangoja. Mchezo wa kompyuta nao una sufuria yake: uzi mmoja mkuu wa hesabu unaopanga nani anasogea wapi, risasi imegonga nini, na picha gani ifuate. Uzi huo unakaa kwenye kiini kimoja. Kiini hicho kikiwa kizito, mchezo unakwama, hata vingine vikiwa vimelala.

Hiyo haimaanishi kwamba idadi haina kazi. PlayStation 4 ilitoka mwaka 2013 na viini vinane vidogo, PlayStation 5 ikafuata mwaka 2020 na vinane vyenye nguvu zaidi, na watengenezaji wa michezo wamezoea kugawa kazi kulingana na mashine hizo. Far Cry 4 ya mwaka 2014 ilikataa hata kufunguka kwenye prosesa zenye viini viwili na nyuzi mbili tu. GTA V yenyewe inaomba angalau prosesa ya viini vinne, hata kama ni ya zamani.

Kwa hiyo viini viwili, kwa michezo mikubwa, vimekwisha muda. Vinne vyenye nyuzi nane, kama Core i3-12100F ya mwaka 2022, ndio mlango wa kuingilia. Sita, kama Ryzen 5 5600, ndipo pesa ya mtu wa kawaida inapofanya kazi vizuri zaidi. Vinane vinamtosha karibu kila mchezaji, na kupita hapo ni kununua wafanyakazi wa kukaa. Mtu anayehariri video au kurekodi huku akicheza ana hesabu nyingine: huyo atavitumia vyote.

Baada ya kupata idadi inayotosha, maswali mawili yanabaki. La kwanza ni kizazi cha prosesa. Xeon E5-2670 ya mwaka 2012, iliyotolewa kwenye seva kuukuu, ina viini vinane, lakini katika michezo mingi inaachwa nyuma na ile i3 ya viini vinne, kwa sababu kila kiini kipya kinamaliza kazi nyingi zaidi kwa muda uleule.

La pili ni kashe, kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa yenyewe. Hapa AMD ilijisahihisha kwa namna ya kupendeza. Ryzen 7 7800X3D ya mwaka 2023 ina viini vinane na megabaiti 96 za kashe kubwa. Ryzen 9 7950X ya kampuni hiyohiyo ina viini 16 na megabaiti 64, tena ilitoka na bei ya juu zaidi. Kwa jumla ya michezo iliyopimwa, ile ya vinane ilitangulia. Na kwa anayecheza kwa umeme wa jenereta au wa betri za jua kuna jambo jingine: Core i9-13900K inaweza kuvuta hadi wati 253 ikisukumwa, wakati 7800X3D imepangiwa 120.

Yote haya yanakuwa bure kama kadi ya picha ni dhaifu. Kompyuta nyingi za ofisi hazina kadi ya pekee. Hapo prosesa nzuri itaisubiri picha, na ingefaa pesa ya viini vya ziada iende kwenye kadi.

Kukagua kabla ya kulipa kunachukua dakika moja. Mashine iwashwe, mnunuzi abonyeze Ctrl, Maj na Echap pamoja, kisha afungue ukurasa wa « Performance ». Windows ya Kifaransa itaonyesha jina kamili la prosesa, idadi ya « Cœurs » na ya « Processeurs logiques », yaani nyuzi. Katika majina ya Intel ya miaka hiyo, namba inayofuata kistari ndiyo kizazi: i5-8250U ni cha nane, i3-12100F cha kumi na mbili. Herufi U mwishoni ni alama ya prosesa ya kubana umeme.

Kizazi hicho cha nane kina uzito mwingine pia. Microsoft ilisimamisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa upande wa Intel, Windows 11 inapokea rasmi prosesa kuanzia kizazi cha nane, isipokuwa chache sana za kabla yake. Ile i7-7500U yenye kibandiko kizuri haimo.