Umri wa Mfanyakazi na Mpangilio wa Ofisi

Viambaza vya ofisi vinapobomolewa na watumishi wote wakawekwa katika ukumbi mmoja, aghalabu manung'uniko husikika. Yakitoka kwa wenye umri mkubwa, jibu jepesi huwa kwamba wazee hawapendi mabadiliko. Jibu hilo lafaa kuchunguzwa, kwani likiwa la makosa, mtumishi mwenye ujuzi wa miaka mingi atahukumiwa kwa jambo lililo katika macho na masikio yake, wala si katika nia yake.

Ofisi ya ukumbi wazi ilipata sura mpya huko Ujerumani Magharibi mwishoni mwa miaka ya 1950, pale ndugu wawili, Eberhard na Wolfgang Schnelle, walipopanga meza kwa kufuata mwendo wa mazungumzo na makaratasi, badala ya vyeo. Ilitumainiwa kwamba watu wangewasiliana kwa wepesi zaidi. Lakini mwaka 2013 Jungsoo Kim na Richard de Dear wa Chuo Kikuu cha Sydney walichambua majibu ya watumishi zaidi ya 40,000, wakaona kwamba faida hiyo haikufidia hasara ya kelele na ya kukosa faragha.

Kelele na mwanga haviwagusi watu wote sawasawa. Kuanzia umri wa miaka 40 hivi, lenzi ya jicho hupoteza wepesi wake wa kujikunja, na maandishi ya karibu huwa mazito kusoma. Mboni nayo husinyaa. Mtu wa miaka 60 hupokea ndani ya jicho takriban theluthi moja tu ya mwanga anaoupokea kijana wa miaka 20, ingawa wote wawili wamekaa chini ya taa moja. Masikio nayo huanza kupoteza sauti nyembamba, zikiwamo konsonanti kama s na f, hata maneno ya mwenzake yakamezwa na mazungumzo ya meza za jirani. Tena, mwaka 1988 Lynn Hasher na Rose Zacks walitoa nadharia kwamba uwezo wa akili wa kuyazuia mambo yasiyohusika hupungua kadiri umri unavyoongezeka.

Hata hivyo, mtafiti hana budi kuwa na hadhari. Umri huandamana na cheo: huenda anayenung'unika analilia chumba alichonyang'anywa. Kwa hiyo yafaa kulinganisha watu wa cheo kimoja na kazi moja, waliotofautiana kwa umri tu. Vilevile, waliochukizwa mno huenda wamekwisha kuacha kazi, na wanaobaki kuhojiwa wakaonekana wameridhika.

Katika utumishi wa umma wa Tanzania, walio wengi hustaafu kwa lazima wakiwa na miaka 60. Maana yake ni kwamba mtumishi hufanya kazi miaka 20 hivi baada ya macho yake kuanza kubadilika. Taa ya mezani anayoiwasha mwenyewe, meza iliyokaa ubavu kwa dirisha, simu zilizotengwa, na chumba kidogo cha kazi za utulivu si anasa kwa muda mrefu kama huo. Tena kijana naye, anapojumlisha hesabu ndefu, atashukuru kwa ukimya uliotafutwa kwa ajili ya mzee.