Jiji hupimwa kabla ya mafuriko

KILA Bonde la Msimbazi linapofurika jijini Dar es Salaam, hasara haiishii kwa wakazi wa mabondeni. Barabara ya Morogoro hufungwa eneo la Jangwani, mabasi husimama na mzigo wa mfanyabiashara wa Kariakoo hukwama. Wakulima wa mchicha na matembele nao hupoteza matuta yao kwa usiku mmoja.

Je, jiji linaweza kupata pigo kubwa kiasi gani na bado likaendelea kufanya kazi?

Ili kujibu swali hilo, Umoja wa Mataifa umeandaa kadi ya alama inayotumiwa na miji mbalimbali duniani. Kadi hiyo ina nguzo 10, zikiwamo uongozi, kutambua hatari, fedha, mipango miji na miundombinu. Katika hatua ya awali huwa na maswali 47, na kila moja hupewa alama 0 hadi 3.

Nguzo ya fedha ndiyo inayomgusa zaidi mfanyabiashara. Huuliza iwapo jiji limetenga fungu la dharura, na iwapo kaya na wenye biashara wana bima. Soko Kuu la Kariakoo lilipoungua Julai 2021, umuhimu wa swali hilo ulionekana wazi.

Hata hivyo, alama pekee hazizuii maji. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 jijini humo, na baadhi ya waathirika wakahamishiwa Mabwepande. Pamoja na hayo, mabasi yaendayo haraka yalipoanza mwaka 2016, karakana yake ilikuwa Jangwani, na imefurika mara kadhaa.

Hatari ilikuwa inajulikana. Tangu mwaka 2015, wanafunzi na wananchi walichora mitaro na maeneo yanayofurika kupitia mradi wa Ramani Huria. Mwaka 2022, Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 za Marekani kwa ajili ya bonde hilo, ikiwamo ujenzi wa daraja jipya la Jangwani na kuhamisha karakana.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tathmini ina faida pale tu inapotangulia bajeti. Kwa mfanyabiashara, inaanza kabla ya kulipa kilemba cha fremu: awaulize majirani maji huishia wapi.