Kabla ya Kulipa Kodi, Panda Matatu

Wahenga walituachia methali isemayo kuwa mchagua nazi hupata koroma. Kwa miaka mingi niliitumia kuwaonya wanafunzi wangu dhidi ya kuchagua kupita kiasi. Siku hizi, kila nikiiandika ubaoni, huwa ninaongeza maelezo yangu mwenyewe: lipo jambo moja ambalo mtu ana haki ya kulichagua mpaka achoke, nalo ni mahali pa kupanga nyumba iwapo kazi au masomo yake yako jijini Nairobi. Mimi sikuchagua. Niliona bei, nikalipa.

Hayo yalitukia mwaka wa 2016, nilipopata uhamisho hadi shule moja iliyoko upande wa magharibi wa jiji. Nyumba ya chumba kimoja cha kulala, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka shuleni, ilikuwa shilingi 14,000 kwa mwezi. Kule Kitengela nilionyeshwa nyumba kama hiyo, tena mpya, kwa shilingi 8,000. Nilijiona mjanja kupindukia. Nilikwenda kuitazama Jumapili adhuhuri, barabara ikiwa tupu na jua likiwaka, nikalipa kodi ya mwezi mmoja pamoja na amana kabla ya kurejea mjini.

Hesabu yangu ilikuwa na kasoro ambayo mtoto wa shule ya msingi angeitambua. Nauli yangu ilikuwa shilingi 150 asubuhi na nyingine 150 jioni, kwa kuwa sikuwa na budi kupanda matatu mbili kila upande. Kwa siku 22 za kazi, hizo ni shilingi 6,600. Mfereji ulikuwepo, lakini maji yake yalikuwa ya kisima na ya chumvi. Ya kunywa na kupikia niliyanunua kwa mitungi, nayo yalinigharimu shilingi 1,200 kwa mwezi. Kwa hivyo nyumba yangu ya shilingi 8,000 ilikuwa kwa hakika nyumba ya shilingi 15,800. Tena hiyo ni hesabu ya siku za jua. Kila msafiri wa Nairobi anajua kwamba mvua ikinyesha jioni, nauli nayo hupanda.

Lakini fedha hazikuwa hasara kubwa. Niliondoka nyumbani saa kumi na dakika arobaini na tano alfajiri ili nifike shuleni saa moja. Jioni niliondoka shuleni saa kumi na moja, nikafika kwangu saa mbili kasorobo. Hizo ni saa tano kwa siku, yaani saa 25 kwa wiki. Wakati huo nilikuwa na vipindi 27 vya dakika 40 kila kimoja. Ukivijumlisha ni saa 18. Ndugu msomaji, nilikaa ndani ya matatu muda mrefu kuliko niliokaa mbele ya wanafunzi wangu.

"Mwalimu," mwenzangu mmoja mzee aliniambia tukinywa chai ya saa nne, "wewe hukupanga nyumba. Umepanga kiti cha matatu."

Nilicheka. Kicheko hicho kilinikauka muhula wa pili. Nilikuwa nimewapa wanafunzi wa kidato cha tatu insha ya kuandika, nikayabeba madaftari yao hadi Kitengela ili niyasahihishe usiku. Niliyarudisha yakiwa hayajafunguliwa. Nikayabeba tena wiki iliyofuata, nikayarudisha vilevile, kwa sababu kila nilipoketi mezani usingizi ulinizidi nguvu. Nilipoyafungua hatimaye, wiki ya tatu, nilikuta msichana mmoja ameandika, kana kwamba anasimulia habari za mtu mwingine, kuhusu mtoto aliyekosa karo na anayejiandaa kuacha shule bila ya kumwambia mtu. Niliinua macho nikatazama dawati lake. Lilikuwa tupu. Alikuwa ameondoka siku nne kabla, amekwenda kwa nyanya yake mashambani.

Mwalimu mkuu aliitisha kikao, walimu tukachanga, na msichana huyo alirudi. Hata hivyo, alikuwa amekwisha kupoteza muhula mzima, nami ninajua vyema ulikopotelea. Mwezi uliofuata nilihamia karibu na shule.

Tangu hapo, kila ninapoulizwa na mwalimu mgeni au mwanachuo apange wapi, humpa ushauri ufuatao. Kwanza, asipime umbali kutoka mtaani hadi katikati ya jiji. Apime hadi pale anapokwenda. Nairobi ilianza mwaka wa 1899 kama kambi ya wajenzi wa reli, na mpaka leo barabara zake kuu hukutana katikati kama mikono ya gurudumu. Barabara za mzunguko zimeleta nafuu, lakini matatu nyingi bado huelekea mjini kwanza. Isitoshe, upande wa kusini umezibwa na mbuga ya wanyama iliyoanzishwa mwaka wa 1946. Kitengela na Ongata Rongai zinatazamana ng'ambo na ng'ambo ya mbuga hiyo, ilhali mkazi wa Rongai aendaye mjini hutegemea Barabara ya Magadi na ile ya Lang'ata. Barabara ya Thika, iliyopanuliwa na kufunguliwa mwaka wa 2012, humfaa sana mkazi wa Ruiru au Juja ambaye kazi yake iko upande huo. Akiwa anafundisha Karen, itamfikisha tu kwenye msongamano mwingine.

Pili, asiamini tangazo lisemalo "dakika ishirini kutoka mjini." Tangazo hilo halitaji ni saa ngapi. Barabara ya juu ya kulipia iliyofunguliwa mwaka wa 2022 ina urefu wa kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands. Lakini Kitengela iko mbele ya Mlolongo, na msafiri wa matatu si yeye anayechagua njia. Basi, kabla ya kutoa hata senti moja ya amana, na aende alale kwa rafiki katika mtaa huo Jumapili usiku, aamke Jumatatu, asafiri hadi kazini kwa saa zilezile atakazosafiri kila siku, kisha arudi jioni. Ikinyesha, ashukuru, ameuona mtaa katika hali yake halisi, pamoja na udongo mweusi unaonata viatuni na kijia cha giza kutoka kituoni hadi mlangoni.

Najua nitaambiwa kwamba maskini hachagui. Ni kweli. Marupurupu ya nyumba ya mwalimu aliyeajiriwa na Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, hufuata kituo chake cha kazi, wala si mahali anapolala. Kwa hivyo kishawishi cha kuishi mbali na kubakisha kitu mfukoni ni kikubwa, hasa kwa mwenye watoto wa kusomesha. Simlaumu anayefanya hivyo. Ninalomwomba ni afanye hesabu yote, si nusu yake. Aandike kodi, nauli na maji, kisha chini yake aandike saa, na mbele ya saa hizo aandike ni nani atakayezikosa.

Kwangu mimi, jibu lilikuwa jina la msichana mmoja kwenye jalada la daftari.